Picha Katika Fundo la Kitenge

2 Septemba
Siku ya kwanza ya shule, na mvua ya kwanza ya kweli. Wanafunzi wangu wa darasa la tatu wamefika wamelowa chepechepe, wakatandaza madaftari juu ya madawati yakauke, basi hatukuandika kitu. Tumbo langu sasa linafika kwenye ubao kabla ya chaki. Mkurugenzi ameniuliza kama nimenenepa likizoni. Nimemjibu ndiyo, ni lituma ya mama mkwe wangu, zile ndizi anazoponda asubuhi mpaka majirani wanaamka. Shule nzima inajua nina mimba, na shule nzima inajifanya haijui. Ndiyo adabu ya huku kwetu, nami leo nimeishukuru.

Naanza kuandika kwa sababu Hilaire, mume wangu, yuko Opala kwa kazi ya kilimo ya serikali. Ili simu yake ipate mtandao anasimama nyuma ya kanisa, juu ya kichuguu, na mvua ikinyesha hasimami. Nitakayoshindwa kumwambia yeye nitayaweka hapa.

5 Septemba
Benie amepita kunisalimu. Anasoma chuo kikuu, anaimba nami kwaya, na ili apate ada anapiga picha kwenye harusi. Amenionyesha katika simu yake picha za wanawake wenye mimba: gauni refu, mkono juu, mkono chini ya tumbo, mume amepiga goti. Wengine wamepaka poda mpaka hata mama zao wasingewatambua. Nilicheka kwanza. Halafu nikaomba kuziona tena.

Benie akasema, "Na weye tutafanya séance ya picha, dada Ursule. Tena bure. Itakuwa cadeau yangu kwa mutoto."

Nimekubali kabla hajamaliza. Niandike kwa nini, maana sijamwambia mtu. Huyu ni wa tatu. Wa kwanza alitoka angali mchanga sana. Wa pili alifika mwezi wa saba, msichana, akazaliwa bila pumzi. Walimzika mchana uleule, mimi niko kitandani sijitambui. Sikumwona. Hakuna picha, hakuna nguo, hakuna jina. Siku nyingine najiuliza kama kweli alikuwapo. Kwa huyu nataka kitu kimoja cha kushika mkononi, liwalo na liwe. Nataka picha inayosema alikuwa hapa, nami nilikuwa naye.

7 Septemba
Nimemwambia mama mkwe. Tunaishi katika kiwanja chake, karibu na maporomoko ya Wagenia, na mwanamke haweki tumbo mbele ya kamera katika kiwanja cha mama mkwe bila kuomba ruhusa. Nimemkuta jikoni anapara samaki. Mama Alphonsine ni mtu wa mto, watu wake wanavua pale kwenye mawe tangu zamani, na kisu chake hakisimami kwa sababu mtu anaongea.

Neno mimba halijatoka kinywani mwake hata siku moja tangu ajue. Anasema mugeni. Mugeni amekula? Mugeni amelala? Basi nami nimesema hivyohivyo.

"Mama, niko na kintu ya kukuambia. Nataka tufanye picha. Miye na mugeni."

"Mugeni anafanya picha akisha kufika."

"Mbele ya kufika, mama. Batu mingi banafanya hivi sasa."

"Batu mingi banakunywa lotoko pia."

"Mama, ni picha tu."

Kisu kikasimama. Sijawahi kukiona kinasimama. Akaniita mwanangu, kwa Kilingala: "Ursule, mwana na ngai. Hapana ku kiwanja yangu. Hapana kununua nguo, hapana kutayarisha kitanda, hapana kupiga picha. Ule mutu hajafika. Unataka macho ya batu imukute ku njia?"

Nikasema ndiyo mama, nikaondoka. Nyumbani nimeipiga teke ndoo. Ndoo haikuwa na kosa.

12 Septemba
Mvua. Masahihisho. Mgongo.

19 Septemba
Hilaire amepanda kichuguu chake. Nilimshitaki mama yake kwa dakika zote alizokuwa nazo za simu. Akasema, "Malembe, polepole, chérie. Mama iko na sababu zake." Nikamuuliza sababu gani. Akasema hajui, hakuwahi kumwambia, ila tangu utotoni mwake mama hakubali kupigwa picha. Hata siku ya arusi yetu, alisema, nitazame: mama hayumo.

Nimetoa albamu nikatazama. Kweli. Kuna kiti chake, kuna kitenge chake pembeni, yeye hayumo. Miaka yote hii nilidhani alikuwa jikoni.

24 Septemba
Kitu kimoja cha haki lazima niandike. Kila asubuhi kabla sijaenda shuleni nakuta mlangoni maji ya moto na sahani imefunikwa. Leo ni liboke, samaki aliyechomwa ndani ya jani, na jani bado lina moshi. Hasemi kitu, anaweka na kuondoka. Nimemkasirikia, na chakula chake nimekimaliza chote.

30 Septemba
Micheline, dada yake Hilaire, ni fundi wa kushona na chumba chake kiko kiwanja hikihiki. Benie na mimi tumempa siri. Atashona gauni la buluu. Tumekubaliana: Hilaire akija likizo mwisho wa Oktoba, tutaenda, mimi, yeye na Micheline, hadi nyumbani kwa Benie, ng'ambo ya mto Tshopo, tupige picha, turudi. Kiwanja cha mama hakitaguswa. Micheline amenipima, akaandika ukutani kwa chaki.

"Nimeongeza kidogo ya tumbo kukua," akasema.

4 Oktoba
Mvua imebomoa choo cha jirani. Nimeanza kupumzika, shuleni mwalimu mwingine amechukua darasa. Watoto walinililia, isipokuwa mmoja aliyeniuliza kama nitaacha chaki za rangi.

8 Oktoba
Gauni halifungi. Micheline alishona kwa vipimo vya chaki vya wiki iliyopita, na tumbo halikusubiri. Nikasimama katikati ya chumba chake, mgongo wazi, vifungo vinaning'inia, tukacheka mpaka nikajishika ukuta. Micheline akanipiga picha kwa simu ili, alisema, aone wapi pa kuongeza kitambaa.

Jioni mke wa jirani amekuja na tabasamu la kufika masikioni. "Félicitations, mama Ursule. Tumbo iko muzuri sana. Nimeona ku statut WhatsApp ya Micheline."

Mama alikuwa amekaa pale anachambua pondu, majani ya muhogo. Hakuinua kichwa. Jirani alipoondoka, mama aliendelea kutoa majani kwenye vijiti, moja, moja, moja. Nilimsubiri agombe. Nilikuwa nimeshatayarisha majibu, na mengine yalikuwa makali. Aliinuka, akabeba pondu yake, akaingia ndani.

Micheline amefuta ile picha, amelia, ameapa. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nusu ya Kisangani imeshaona mgongo wangu.

9 Oktoba
Asubuhi mlangoni kulikuwa na maji ya moto. Sahani haikuwapo.

11 Oktoba
Naandika nimelala, kwenye kitanda cha maternité, nami naandika kwa furaha, nalisema kwanza ili nitakaposoma siku nyingine nisiogope.

Juzi mchana niliona damu. Si nyingi, lakini mimi damu najua inaanzaje. Nilikaa chini sakafuni. Micheline alikuwa sokoni. Mvua ilikuwa inapiga mabati hivi kwamba nikipiga kelele sijisikii mwenyewe. Nikawaza jambo moja tu: ndiyo hii sasa, mama alisema na imekuwa, na sasa atasimama mlangoni aniambie.

Na kweli alisimama mlangoni. Sijui alijuaje. Alitazama sakafu, akanitazama mimi, na sura yake sikuifahamu, ilikuwa sura ya mtu anayeogopa kama mimi. Akavua kitenge chake cha juu, akanifunga nacho kiunoni kwa nguvu, akanishika kwapani.

"Simama, mwana na ngai. Tunakwenda."

"Mama, ni kwa ajili ya ile picha—"

"Nyamaza. Tembea."

Pikipiki hazikuwapo, barabara ilikuwa mto. Tulitembea mpaka kwenye lami, yeye upande wa upepo, mvua yote inampiga yeye. Hakuvaa kandambili, nimeliona hilo baadaye, tulipofika. Gari la mtu wa parokia likatuchukua.

Mkunga, mama Élise, alinipima kwa mikono yake mikubwa iliyotulia, akaweka kile chombo cha kusikilizia, akakihamisha, akasikiliza tena. Halafu akaniwekea mimi masikioni. Mugeni alikuwa anapiga moyo wake mbio kama mtu anayekwenda gulio. Mlango wa kizazi umefungwa vizuri, alisema. Damu hutoka wakati mwingine, picha haina neno hapo. Nilale, nisibebe maji, nikae hapa siku chache.

Nililia kama mtoto. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha chuma, maji yanamtoka kwenye nguo na kufanya dimbwi chini yake. Nikamwambia yote. Kwamba sikutaka urembo. Kwamba yule msichana sikumwona, na sina kitu chake, na ndiyo sababu ya picha, nikose huyu lakini nisikose kila kitu.

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anakoroma. Kisha mama akasema, akitazama dimbwi lake:

"Miye nilimuona."

Sikuelewa.

"Mutoto yako. Ni miye nilimuosha. Batu balisema, hapana kumuambia Ursule kintu, atasahau mbiyo. Miye nikanyamaza. Alikuwa na kipaji ya uso ya Hilaire. Masikio ilikuwa yako, madogo, imelala ku kichwa hivi." Akaweka vidole viwili kwenye sikio lake mwenyewe kunionyesha. "Alikuwa muzuri. Nilimufunga na kitenge yangu ya kwenda misa."

Nimemngoja mtoto huyo miaka mitatu, na alikuwa anakaa nyumba ya pili, ndani ya kichwa cha mama mkwe wangu.

Halafu ndipo aliponipa na ya kwake. Alipokuwa msichana aliyeolewa karibuni, na tumbo la kwanza kabisa, Wazungu walikuja kuona mitego ya samaki pale kwenye maporomoko. Mmoja alimuomba asimame juu ya jiwe na kikapu chake, tumbo mbele, akampiga picha. Akasema atamtumia. Mtoto alizaliwa, akaitwa Léon, akaishi mpaka alipoanza kukaa, homa ikamchukua. Picha haikuja.

"Batu balisema picha ndiyo ilimukula. Miye sijui. Miye najua hivi tu: picha ilienda, mutoto naye akaenda, na mikono yangu ikabaki bure. Léon iko ku ukuta ya mutu, kule kwabo, na ule mutu hajui hata jina yake. Kila mara nawaza, iko ukuta ya nani?"

Kumbe tulikuwa tunataka kitu kimoja. Mimi nilidhani anaogopa picha, kumbe anaogopa ile inayoondoka. Nimemshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na mgumu, una makovu ya kamba za mitego.

14 Oktoba
Nimerudi nyumbani. Sahani mlangoni, na kifuniko juu yake. Namshukuru Mungu kwa moyo unaopiga mbio, na kwa mama Élise, na kwa mtu wa parokia ambaye viti vya gari lake havitakauka kabla ya Krismasi.

20 Oktoba
Kulala. Mvua. Kulala.

27 Oktoba
Mama ameingia bila kubisha, kama kawaida yake, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa na hotuba, ilionekana.

"Bon. Ile picha. Muifanye."

Nikakaa.

"Lakini hapa, ku kiwanja, macho yangu inaona. Hapana kwenda Tshopo. Na ile kintu ya ndani ya machine, kile inakamata picha, atanipa miye. Itakaa na miye mpaka mugeni atasema mwenyewe. Akisha kulia, nitakurudishia. Mbele ya pale, hapana mutu kuiona. Hata weye."

Nilimwita Benie kwa simu. Nadhani alikuwa anawaza mtu gani wa dunia hii anataka picha asizoziona. Kisha akasema, "Likambo te, haina shida. Niko na carte ingine."

31 Oktoba
Hilaire hakuja. Mkubwa wake hakutia sahihi ruhusa, na boti ya wiki hii, ile baleinière, imeondoka bila yeye. Sauti yake ilikuwa inakatika, nikasikia tu neno pardon mara nyingi. Nimekasirika dakika kumi, kisha nimemhurumia, leo amesimama hata mvuani, na mwavuli, juu ya kichuguu.

3 Novemba
Micheline ameongeza vipande viwili pembeni mwa gauni, kutoka kitambaa kingine, kijani. Anasema ndiyo modèle. Sawa, ni modèle.

9 Novemba
Leo ndiyo leo. Hatukuweza kumngoja Hilaire tena, mama Élise amesema huyu hatamaliza mwezi.

Benie alifika amefunika mashine ya picha kwa mfuko wa plastiki, na mara umeme ukakatika. Mvua ikaanza, bila shaka. Alitaka ukuta mweupe, hatuna. Tukatundika shuka la kitanda kwenye mlango wa ndani, tukafungua mlango wa nje ili mwanga uingie. Haukutosha. Nusu ya uso wangu, Benie alisema, iko Opala.

"Tunataka kintu ya kurudisha mwanga. Sinia kubwa, ile ya kungaa."

Mama, aliyekuwa amekaa pembeni kama askari wa mpakani, akaondoka akarudi na sinia la aluminiamu la kuanikia mihogo. Alikuwa amelisugua kwa majivu likang'aa mpaka linaumiza macho. Benie akamwonyesha jinsi ya kulishika, mwanga ukanirukia.

"Hivi?"

"Juu kidogo, mama."

Haukupita muda, mwenye kazi hakuwa Benie tena, alikuwa mama. "Ursule, geuka. Hapana hivyo, unakaa sawa na mutu ya kungojea foleni. Inua kidevu. Benie, ngoja, kivuli iko ku shingo yake. Sasa. Piga." Micheline alijificha nyuma ya shuka akicheka, na shuka lilikuwa linatikisika. Mimi niliyekuwa nimekatazwa hata kununua soksi nilisimama nimepigwa na mwanga wa sinia la mihogo, nikaamriwa nitabasamu na mwanamke yuleyule.

Kisha Benie akashusha mashine. "Inakosa kintu. Hapa papa yake ndiyo alipaswa kuweka mikono." Akatutazama wote, halafu akatazama chini.

Mama aliweka sinia chini, taratibu, akaliegemeza ukutani ili lisipoteze mwanga. Akajifuta mikono kwenye kitenge, mbele, nyuma, kama anayetaka kushika Biblia.

"Uso yangu hapana," alisema. "Mikono, sawa."

Akasimama nyuma yangu. Mikono ikaja pande zote mbili, ikatua. Mugeni, ambaye asubuhi yote alikuwa amelala, akampiga teke. Nilisikia pumzi ya mama shingoni mwangu inakatika, kisha akasema kwa Kilingala, polepole, maneno ambayo hakuniambia mimi. Benie alipiga mara nyingi. Sikutabasamu hata moja, nilikuwa nalia, na nadhani ilikuwa sawa.

Mwishoni Benie akatoa kadi, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Mama aliitazama pande zote, hakuamini kwamba watu wote tulioingia pale tumetosha humo. Akaifunga kwenye kipande cha plastiki cha chumvi, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake, fundo mara mbili, akalichomeka kiunoni.

13 Novemba
Anapika na fundo. Anafua nguo zote, kile kitenge hakifui. Jana alikwenda misa nacho. Micheline anasema kinaanza kunuka samaki. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

15 Novemba
Naandika kwa mkono mmoja. Wa pili una kazi.

Jana asubuhi uchungu ulinikamata nikiwa nachana nywele. Mvua, kama kawaida. Micheline alikimbia akapata toleka, baiskeli ya abiria, na kijana wa toleka aliponiona akataka kuondoka. Mama alishika usukani. Nilikaa ubavu kwenye kiti, yeye kijana anasukuma mbele, mama upande mmoja, Micheline upande wa pili, matopeni, na kila uchungu ukija mama anasema simama na msafara wote unasimama. Watu walitoka kwenye vibaraza kututazama. Huo ndio ulinzi dhidi ya macho ya watu aliouhifadhi miezi tisa, na sasa mtaa mzima umeona. Nilimwambia hivyo katikati ya uchungu wa tatu. Alicheka. Sikujua anajua kucheka hivyo.

Mengine siyaandiki, wanawake wanayajua na wanaume hawatayaamini. Alizaliwa kabla ya saa sita. Kulikuwa na kimya kidogo, kile kimya. Kisha akalia. Alilia kwa hasira, kama mtu aliyenyeshewa.

Hatukuwa na nguo hata moja, kwa amri ya bibi yake. Basi mama alivua kitenge chake, kile cha samaki, akamfunika. Muuguzi mmoja kijana akaona fundo.

"Mama, fungua hii fundo. Hapa hatukubali dawa ya kienyeji."

"Haiko dawa."

"Alors ni nini?"

"Ni mutoto."

Muuguzi alimtazama mtoto, akatazama fundo, akamtazama mama Élise, ambaye alikuwa ananawa mikono na hakutaka kuingia katika jambo hilo. Mama akajaribu kufungua. Fundo lilikuwa limelowa na kukaza, vidole vikashindwa, akatumia meno. Akanifungua kiganja, akaweka kadi ndani, akanifunga vidole kimoja kimoja.

"Amesema mwenyewe," alisema. "Umesikia?"

Halafu akafunua kichwa cha mtoto, akatazama upande mmoja, akamgeuza, akatazama upande wa pili.

"Masikio ni yale yale."

Ni msichana. Ahsante. Sijui niandike ahsante mara ngapi.

17 Novemba
Hilaire amefika kwa baleinière, ana ndevu na mkungu wa ndizi. Amemshika binti yake kama anayeshika mayai ya watu. Tumemwita Joëlle. Alipoambiwa habari ya picha aliuliza yeye yuko wapi humo. Mama yake akamjibu, "Weye ulikuwa Opala."

21 Novemba
Benie ameleta. Kadi haikuingia maji, ile plastiki ya chumvi ni nzuri. Ametoa moja kubwa kwenye karatasi. Uso wangu umekatwa kwa juu, kuna gauni la buluu na vile vipande vya kijani, kuna tumbo, na juu yake mikono miwili ya kizee, makovu yake yote yanaonekana.

Mama aliishika kwa pindo la kitenge ili asiichafue. Aliitazama muda mrefu sana. Akauliza, "Sasa hii inabaki hapa?"

"Inabaki hapa, mama."

"Hapana kumupa mutu."

"Hapana kumupa mutu."

Akaomba msumari. Hilaire alitaka kusaidia, akanyimwa. Ameupigilia mwenyewe kwa mchi wa kinu, ukutani mwetu, chini sana, mahali ambapo mtu aliyekaa kwenye kigoda anaogesha mtoto anaweza kuiona bila kuinua kichwa.

26 Novemba
Kila asubuhi anaingia bila kubisha. Anatazama ukuta kwanza. Akishaona ipo, ndipo anamgeukia Joëlle.

2 Desemba
Mvua zinapungua. Hilaire anarudi Opala kesho kutwa. Gauni nimemrudishia Micheline, analifumua afanye nguo za mtoto, maana sasa tumeruhusiwa.

6 Desemba
Leo mama ameingia na maji ya moto, akaweka ndoo, akaenda moja kwa moja kwa Joëlle, akamchukua, akakaa naye kwenye kigoda akimsimulia habari za sokoni. Nilimngoja atazame ukuta. Hakuutazama.